Mwenye Nguvu Mpishe? Baisikeli, Gari na Haki ya Barabara Keringet

Mwanafunzi wa fonolojia ya Kiswahili hukutana mapema na neno barabara. Mkazo ukiwekwa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, neno hilo ni njia kuu ipitayo magari. Ukirudishwa nyuma hadi silabi ya tatu kutoka mwisho, linakuwa kielezi chenye maana ya sawasawa, vilivyo, kama inavyopasa. Mhadhiri hutoa mfano huo kuonyesha kwamba mkazo waweza kubadili maana, kisha somo likaendelea. Nje ya ukumbi wa mihadhara, hata hivyo, maneno hayo mawili yanazua swali ambalo halijibiwi kwa mkazo peke yake: je, yanayotendeka barabarani yanatendeka barabara?

Swali hilo lina uzito wa pekee Keringet. Mji huu mdogo uko Kuresoi Kusini, Kaunti ya Nakuru, katika nyanda za juu zinazopakana na msitu wa Mau, kwenye barabara itokayo Molo kuelekea Olenguruone. Wakenya wengi walilisoma jina lake kwenye chupa za maji ya kunywa kabla ya kujua kuwa ni jina la mahali. Ni nchi ya viazi, maziwa, chai na kabeji. Ni nchi ya baridi, ya mvua nyingi, na ya ukungu ambao waweza kuitanda barabara alfajiri hata aliye hatua chache mbele akawa kivuli tu. Mazao ya nchi hiyo hayajipeleki sokoni. Lori huyafuata, na kabla ya lori kuna punda, mkokoteni, pikipiki, mgongo wa mwanamke na baisikeli. Wote hao hukutana kwenye ukanda mmoja wa lami.

Baisikeli ya Keringet si chombo cha burudani. Vilima vya huko ni vikali. Aghalabu mwenye baisikeli huisukuma kupanda na kuiendesha kuteremka, mtungi wa maziwa au gunia la viazi likiwa limefungwa nyuma. Pikipiki zimetwaa sehemu kubwa ya kazi ambayo zamani ilifanywa na baisikeli, lakini hazijaimaliza, kwa maana asiyemudu bei ya petroli bado anayo miguu yake na pedali mbili. Huyo ndiye mnyonge kuliko wote wenye magurudumu, na madai yanayotolewa dhidi yake ni mawili. La kwanza, haonekani. La pili, halipi. Kwa hiyo, husemwa, yeye ni mgeni barabarani, na yampasa kumpisha mwenyeji. Wahenga nao huitwa kizimbani kutoa ushahidi: mwenye nguvu mpishe.

Makala hii inashikilia kwamba dai la kwanza lina ukweli nusu na la pili halina ukweli wowote. Aidha, inashikilia kwamba gharama ya kumfanya mnyonge aonekane ni deni la umma mzima, wala si faini ya umaskini wake.

Nani aone, nani aonekane?

Haki haitetewi kwa kuficha kosa. Mgala muue na haki umpe. Wapo waendesha baisikeli wasio na breki wala kengele. Wapo wanaokata barabara bila kutazama nyuma. Wapo wanaorejea nyumbani kutoka kilabuni wakiyumba kama dau katika mawimbi. Sheria na kanuni za trafiki nchini Kenya zinamtaka mwenye baisikeli awe na taa mbele na alama nyekundu nyuma anapoendesha gizani. Wengi hawana. Na kwa kuwa Keringet iko karibu sana na Ikweta, jua huzama kwenye saa kumi na mbili unusu jioni mwaka mzima, na giza huingia upesi. Mkulima aliyepeleka maziwa jioni au mwanafunzi wa kutwa aliyechelewa shuleni hana magharibi ndefu ya kumfikisha kwao.

Ndiyo kusema kwamba dai la kutoonekana lina ukweli ndani yake. Kosa la dai hilo ni kwamba linakomea nusu ya safari. Kuonekana ni tendo la watu wawili: mmoja aonekane na mwingine aone. Na wa pili hawezi kuona ikiwa mwendo wake umeyapita macho yake. Gari linalokwenda kilomita 80 kwa saa hukata mita 22 kila sekunde. Dereva akichukua sekunde moja na nusu kutambua hatari na kukanyaga breki, tayari amekwenda mita 33, na gari dogo lenye breki nzuri kwenye lami kavu litahitaji mita nyingine 35 hivi kabla ya kusimama. Jumla inakaribia mita 70. Lori lililosheheni viazi kwenye lami iliyolowa litahitaji zaidi. Mtu aliyevaa nguo nyeusi, akimulikwa na taa zilizoshushwa, hutambulika kwa umbali wa mita 30 hivi. Kwa mwendo wa kilomita 50 kwa saa, hesabu ile ile hutoa jumla ya mita 35, na katika mita hizo chache za tofauti dereva anaweza kukwepa, au akagonga kwa kishindo kisichoua.

Basi Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, haikuchagua nambari kwa kubahatisha ilipoweka kikomo cha kilomita 50 kwa saa ndani ya miji na vituo vya biashara. Keringet ni kituo cha biashara. Kanuni zilizofahamika kwa jina la Waziri John Michuki, zilizotangazwa mwaka wa 2003 na kuanza kutekelezwa mwaka wa 2004, ziliongeza vidhibiti mwendo vya kilomita 80 kwa magari ya abiria. Shirika la Afya Duniani nalo limeonyesha kwamba mwendo wa wastani ukiongezeka kwa asilimia 1, hatari ya ajali zinazoua huongezeka kwa asilimia 4 hivi. Anayeuliza kwa nini mwenye baisikeli hakuonekana hana budi kuuliza pia dereva alikuwa akienda mwendo gani hata asiweze kuona.

Mabishano haya si mapya. Katika miaka ya kabla ya Vita Vikuu vya Pili vya Dunia, chama kikuu cha waendesha baisikeli nchini Uingereza kilipinga vikali pendekezo la kuwalazimisha wanachama wake kuwa na taa nyekundu nyuma. Hoja yao haikuwa bei ya taa. Walihofia kwamba siku taa hiyo itakapokuwa lazima, wajibu wa dereva wa kutazama aendako utahamishiwa kwa yule anayetazamwa, na kila atakayegongwa ataulizwa kwanza kuhusu taa yake. Vita vilipoanza mwaka wa 1939 na miji ikazimwa taa kwa kuogopa ndege za adui, ubishi ukaishia hapo. Taa ya nyuma ikawa lazima, na imebaki hivyo. Bila shaka taa hiyo imeokoa maisha. Hata hivyo, hofu ya wale waliopinga ilitimia nayo. Leo, kokote duniani, swali la kwanza juu ya maiti ya mwendesha baisikeli ni alikuwa amevaa nini.

Mafunzo yake kwa Keringet ni kwamba taa na viakisi mwanga ni vya lazima, lakini havimpi dereva ruhusa ya kufumba macho. Mwenye macho haambiwi tazama. Anayeendesha tani nyingi za chuma kati ya watu ndiye aliyeleta hatari barabarani, na mwenye kuleta hatari ndiye mwenye wajibu mkubwa wa kuidhibiti. Wajibu huo unamhusu pia dereva anayepita karibu na wakimbiaji wa alfajiri. Eneo hili ndilo lililomlea Faith Kipyegon, bingwa wa Olimpiki wa mita 1,500 katika michezo ya Rio mwaka wa 2016, ya Tokyo iliyofanyika mwaka wa 2021, na ya Paris mwaka wa 2024. Wasichana wanaotaka kumfuata nyayo hukimbia ukingoni mwa barabara hizo hizo, bila taa mgongoni.

Nani analipa?

Dai la pili husemwa kwa kujiamini zaidi: mwenye gari hulipia barabara, mwenye baisikeli hupanda bure. Ni dai linaloonekana kuwa na mantiki hadi mtu anapofuata shilingi zinakotoka.

Matengenezo ya barabara nchini Kenya hugharimiwa hasa na ushuru wa matengenezo ya barabara, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka wa 1993 na kutozwa kwa kila lita ya petroli na dizeli. Mwaka wa 2016 ushuru huo ulifika shilingi 18 kwa lita. Julai 2024 ukapandishwa hadi shilingi 25. Mwaka wa 2025, shilingi 7 kati ya hizo zilitumiwa kama dhamana ya kupata fedha za kuwalipa wanakandarasi waliokuwa wakiidai serikali. Kwa mtazamo wa juu juu, ni mwenye gari anayelipa haya yote, maana ndiye anayesimama kwenye kituo cha mafuta.

Na ichukuliwe mfano wa lori linalobeba viazi kutoka Keringet hadi Nairobi. Likitumia lita 100 za dizeli kwenda na kurudi, limelipa ushuru wa barabara wa shilingi 2,500. Fedha hizo hazitoki mfukoni mwa mwenye lori. Zinakatwa katika bei anayopewa mkulima shambani, au zinaongezwa katika bei anayolipa mnunuzi sokoni, au zote mbili. Mkulima huyo ndiye yule aliyesukuma baisikeli yake mlimani asubuhi. Akipanda matatu kwenda Molo, nauli yake ina ushuru ndani. Akisaga mahindi kwenye mashine ya dizeli, ambayo tangu iundwe haijawahi kukanyaga lami, analipia barabara katika kila debe. Na pale ambapo barabara mpya hujengwa kwa fedha za hazina kuu au kwa mikopo, mkopo hulipwa kwa kodi za watu wote, ikiwa ni pamoja na ushuru wa ziada ya thamani wa asilimia 16 unaotozwa anaponunua sabuni. Asiyelipia barabara Keringet labda ni mtoto ambaye hajazaliwa, na huyo naye anasubiriwa na deni.

Hayo ni malipo. Kuna pia uharibifu, na hapa hesabu inageuka kabisa. Kati ya mwaka wa 1958 na 1960, wahandisi wa Marekani walifanya majaribio makubwa katika jimbo la Illinois kupima jinsi magari yanavyoharibu barabara. Kanuni iliyotokana nayo, ambayo wahandisi wameitumia tangu wakati huo, ni kwamba uharibifu huongezeka kwa kipeo cha nne cha uzito unaobebwa na ekseli. Ekseli ya tani 10, ambayo ni uzito unaoruhusiwa kwa ekseli moja yenye magurudumu manne katika Afrika Mashariki, huharibu barabara mara 10,000 kuliko ekseli ya tani moja. Baisikeli yenye mtu na gunia la viazi la kilo 50 huweka kilo 100 hivi kwenye gurudumu la nyuma. Kwa kanuni hiyo, ingelazimu gurudumu hilo lipite mara milioni 100 ili kufanya madhara ya pito moja la ekseli ya lori. Mashimo ya barabara ya Olenguruone hayakuchimbwa na baisikeli, ila baisikeli ndiyo inayoyakwepa kwa kuingia mbele ya lori.

Historia nayo inaunga mkono. Barabara laini zilidaiwa na waendesha baisikeli kabla gari halijawa chombo cha watu. Nchini Uingereza, vilabu vyao viliunda chama cha kupigania uboreshaji wa barabara mwaka wa 1886, wakati ambapo magari yalikuwa ndiyo kwanza yanabuniwa. Nchini Kenya, serikali ya kikoloni ilianza kutoza kodi ya nyumba mwaka wa 1901 na kodi ya kichwa mwaka wa 1910. Waafrika walilipa kodi hizo, na mara nyingi walitoa jasho lao kwa kulazimishwa, ilhali barabara na reli zilielekezwa kwenye mashamba ya walowezi katika nyanda za juu, Molo na viunga vyake vikiwemo. Waliotembea kwa miguu waliwalipia waliopanda gari. Anayemwambia mwenye baisikeli leo kwamba halipi anarudia wimbo wa zamani bila kujua mtunzi wake.

Ajali na kinga

Baada ya madai hayo mawili kushindwa, hubaki kimbilio la mwisho: ajali haina kinga. Methali hii husemwa mazikoni, kituoni, na hata katika hotuba za viongozi. Wanafunzi wa Kiswahili wana wajibu wa kuisoma upya. Neno ajali lina asili ya Kiarabu, na maana yake ya kale ni muda uliowekwa, siku ya mtu iliyoandikwa. Katika Kiswahili cha kale pia, ajali ni majaliwa, ni saa ya kufa. Methali ilinena juu ya majaliwa. Ilimfariji mfiwa kwa kumkumbusha kwamba hakuna aishiye milele. Haikunena juu ya lori lisilo na breki. Maana ya neno ilipohamia kwenye mgongano wa magari, methali ilihama nalo, na uzembe ukajipatia vazi la kudura.

Lugha ya habari imekamilisha kazi hiyo. Sentensi zake zajulikana: lori lilipoteza mwelekeo, gari lilikosa breki, mwendesha baisikeli agongwa na matatu. Mwanasarufi ataona mara moja kinachokosekana. Mtenda hayupo. Chuma kimepewa nafsi, na aliyekishika usukani amefutwa. Aliyekwenda mbio kupita kiasi, aliyepakia kupita kiasi, aliyeidhinisha barabara isiyo na mahali pa kupita wanyonge, wote wamejificha nyuma ya kauli ya kutendwa. Asemaye kwamba sarufi haina siasa na azisome taarifa hizo tena.

Juni 30, 2023, katika makutano ya Londiani kwenye barabara kuu ya Kericho na Nakuru, si mbali sana na Kuresoi, lori liliwavamia wachuuzi, abiria, wahudumu wa bodaboda na wapita njia. Watu 52 walifariki. Baada ya mkasa huo, serikali ilitangaza kwamba wanaofanya biashara kando ya barabara kuu wataondolewa. Yawezekana hatua hiyo ilikuwa na busara yake, kwani soko halipaswi kuwa kwenye mteremko wa malori. Hata hivyo, ni jambo la kutafakari kwamba jibu lililokuja upesi zaidi lilikuwa kumhamisha aliyegongwa. Mwenye nguvu mpishe.

Mamlaka ya Kitaifa ya Uchukuzi na Usalama, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka wa 2012, ilitoa takwimu zinazoonyesha kwamba watu 4,324 walikufa barabarani nchini Kenya mwaka wa 2023. Mwaka baada ya mwaka, waendao kwa miguu ndio huongoza katika orodha ya waliofariki, wakifuatwa na wenye pikipiki. Waendesha baisikeli ni sehemu ndogo ya hesabu hiyo, na udogo huo umekuwa sababu ya kuwasahau. Lakini wote hao ni kundi moja: watu wasio na bati la kuwakinga. Bega la barabara linalomfaa mwenye baisikeli humfaa pia mama mwenye mzigo, mtoto wa shule, punda na mkimbiaji.

Nani hulipia ajali inapotokea? Sheria ya bima, Sura ya 405, inamlazimu mwenye gari awe na bima dhidi ya madhara kwa watu wengine. Mwendesha baisikeli aliyevunjwa mguu kwa uzembe wa dereva anaweza kudai fidia kwa sheria hiyo. Lakini sheria imeandikwa kwa Kiingereza, na ili apate fidia ni lazima athibitishe kosa la dereva. Asiyeijua haki yake huuza ng'ombe kulipa hospitali, akashukuru kwamba hakufa. Uholanzi ilichagua njia nyingine. Mwaka wa 1971 zaidi ya watoto 400 walikufa katika barabara za nchi hiyo, wazazi wakaandamana, na mji baada ya mji ukajenga njia za baisikeli. Sheria yake ya trafiki ya mwaka wa 1994, kifungu cha 185, inamtwika mwenye gari mzigo wa fidia anapomgonga mwenda kwa miguu au mwendesha baisikeli, isipokuwa athibitishe kwamba tukio halikuepukika. Kenya si Uholanzi, na Mau si tambarare. Hata hivyo, kanuni iliyomo katika kifungu hicho haihitaji tambarare: mwenye nguvu ndiye atoe maelezo.

Yanayowezekana

Huenda msomaji akauliza fedha zitoke wapi katika kaunti yenye mahitaji mengi. Jibu ni kwamba mambo ya kwanza hayahitaji fedha nyingi. Matuta na alama za kilomita 50 kwa saa katika kila kituo cha biashara kati ya Molo na Olenguruone ni kazi ndogo kwa idara ya barabara. Utepe wa kuakisi mwanga ni kitu chepesi. Ukishonwa kwenye sweta la mwanafunzi, ukibandikwa kwenye mtungi wa maziwa, kwenye baisikeli na kwenye mkokoteni, mtu aliyekuwa akionekana kwa mita 30 ataonekana kwa zaidi ya mita 100. Kaunti, shule na vyama vya ushirika vya maziwa vinaweza kuugawa bure. Serikali kuu nayo inaweza kuondoa ushuru wa ziada ya thamani kwa taa na viakisi vya baisikeli. Haitakuwa mara yake ya kwanza kuutumia ushuru huo kubadili usafiri: mwaka wa 2008 iliuondoa kwa pikipiki ndogo, nazo pikipiki zikaenea hadi vijiji vya ndani.

La pili ni bega la barabara. Kila barabara inapotiwa lami au kukarabatiwa, mkataba uwe na bega pana, lililoshindiliwa, lililo sawa na usawa wa lami, lisilo na kingo kali inayomwangusha anayejaribu kulipisha gari. Hapa pana mfano wa kuigwa: Kaunti ya Nairobi, katika sera yake ya mwaka wa 2015 kuhusu usafiri usio wa magari, ilijifunga kutenga asilimia 20 ya bajeti yake ya uchukuzi kwa wanaotembea na waendesha baisikeli. Kuandika si kutenda, na Wanairobi wana malalamiko yao. Lakini ahadi iliyoandikwa yaweza kudaiwa. Isiyoandikwa hudaiwa na nani? Nakuru, ambayo mji wake mkuu ulipewa hadhi ya jiji Desemba 1, 2021, haina sababu ya kuwa nyuma, na isiishie katika mitaa ya jiji ikawasahau watu wa Kuresoi. Katiba ya mwaka wa 2010 iliwapa wananchi nafasi ya kushirikishwa katika bajeti za kaunti. Mikutano ya wadi ndipo mahali pa kulisema hili, na waendesha baisikeli wa Keringet wanapaswa kufika huko wakiwa kundi, wala si mmoja mmoja.

La tatu ni la wasomi wa Kiswahili wenyewe, na halina wa kusingiziwa. Katiba hiyo, katika kifungu cha 7, inakitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Ilhali sheria zinazomhusu mwenye baisikeli, za trafiki na za bima, zimefungiwa katika lugha ambayo wengi wa waathiriwa hawaisomi. Vyama vya Kiswahili vyuoni huandaa makongamano, mashairi na michezo ya kuigiza, vyema. Vinaweza pia kutafsiri vifungu vichache vya Sura ya 403 na Sura ya 405 katika Kiswahili chepesi, kwenye karatasi moja inayoweza kubandikwa katika kituo cha maziwa. Mwanafunzi wa tafsiri anayetafuta mradi na asiutafute mbali. Anayeandika habari naye na amrudishe mtenda katika sentensi: dereva alimgonga, wala si baisikeli iligongwa.

Wahenga hawakukosea waliposema mwenye nguvu mpishe. Walikuwa wakimwonya mnyonge ajihadhari, maana walijua dunia ilivyo. Onyo hilo linamfaa bado anayesukuma baisikeli mlimani ukungu ukiwa umetanda; na ampishe mwenye lori, apate kufika nyumbani. Lakini onyo kwa mnyonge si hati ya kumiliki kwa mwenye nguvu. Barabara ya Keringet imelipiwa na wote, inaharibiwa na wachache, na inawaua wasio na bati. Maadamu hali ni hiyo, bega la barabara na utepe wa kuakisi mwanga si sadaka ya kuombwa. Ni sehemu ya bidhaa ambayo mkulima wa Kuresoi amekwisha kuilipia, na bado hajakabidhiwa.